Msumeno wa mnyororo unaokata kwa kupinda
Ndugu yangu wa Nachingwea, umeuliza kwa nini msumeno wako wa mnyororo hupinda kulia unapopogoa mikorosho. Mara nyingi chanzo ni meno ya upande mmoja kuwa butu au mafupi kuliko ya upande wa pili. Zima injini, vaa glovu, kisha noa kila jino kwa tupa ya duara yenye kipenyo kinachotajwa katika kitabu cha mashine, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje tu, na idadi ya misuguo iwe sawa pande zote. Bamba, yaani chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo, nalo ligeuze juu chini kila unaponoa, na uchokoe vumbi lililoziba mfereji na tundu la oili, kwa sababu mnyororo mkavu hulila bamba upesi mno. Ukiona unga badala ya vipande vya mti, nakusihi usikandamize, noa kwanza.