Shingo ya ng'ombe imevimba: kinga, kingamwili au seli za kinga?

SWALI: Mwalimu, mimi ni afisa mifugo. Kwenye kipeperushi cha wafugaji kuhusu tuberkulini, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu zinazodungwa ili kupima ugonjwa huo, nimeandika: "Ngozi ikivimba baada ya sindano ya tuberkulini, kingamwili za ng'ombe zimewatambua bakteria wa kifua kikuu." Mwenzangu amekata "kingamwili" akaweka "kinga", eti kingamwili ni neno la kubuni. Nani yuko sahihi?

JIBU: Umekosea, ila si kwa sababu hiyo ya mwenzako. Kingamwili ni neno zuri tu. Shida ni kwamba limeshapewa kazi. Katika maandishi ya afya ndilo jina la antibodi, zile protini zinazoelea kwenye damu na kumnasa mdudu aliye nje ya seli. Sasa huyu Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, hakai nje. Humezwa na makrofaji, seli ambazo kazi yao ni kula vijidudu, kisha hugoma kufa na kuweka makazi humo humo tumboni mwa mlaji wake. Kingamwili hazimfikii. Zinazomwandama ni seli T, aina ya seli nyeupe za damu, ambazo humwaga interferoni gama, protini ya kupeleka ujumbe, ili kuziamsha makrofaji zilizopumbazwa.

Hata saa inashuhudia. Unanyoa shingo, unapima unene wa ngozi, unadunga, halafu unarudi baada ya saa 72 kupima tena. Uvimbe wa kingamwili ungejitokeza siku hiyo hiyo. Huu huchelewa kwa kuwa seli T husafiri kwanza, zikajazana pale penye sindano.

Mwenzako naye asijipongeze. Mfugaji akisikia "ng'ombe ana kinga" anaelewa kachanjwa, yuko salama. Wewe unamletea habari mbaya, yeye anacheka!

Andika "seli za kinga". Si msamiati mgeni kwa watu. Kliniki utamsikia mgonjwa akisema "kinga zangu zimeshuka", na anachokihesabu hapo ni seli za CD4, ambazo ni aina ya seli T. Ndizo VVU huzishambulia, na ndiyo maana kifua kikuu humwandama mwenye VVU. Waliounda neno UKIMWI waliandika Upungufu wa Kinga Mwilini. Laiti wangeandika "kingamwili", leo tungekuwa na kazi kubwa zaidi.

Kitenzi chako, "zimewatambua", pia kinadai mno. Bakteria wa kifua kikuu cha ndege wanaweza kuleta uvimbe unaofanana, ndiyo sababu mara nyingi ng'ombe hudungwa sindano mbili, tuberkulini ya bakteria wa ng'ombe na ya bakteria wa ndege, uvimbe wake ukalinganishwa. Ningeandika hivi: "Ngozi ikivimba siku ya tatu, huenda seli za kinga za ng'ombe wako zimewahi kukutana na bakteria wa kifua kikuu." Na kipeperushi kikifika kwenye mapafu, vile vijivimbe vigumu vya kifua kikuu viite vinundu. Umoja wake ni kinundu. Nundu mwachie ng'ombe mgongoni.