MiniDisc za zamani: jinsi ya kuokoa sauti zilizomo kabla mashine hazijafa

Ukifungua droo ya mtu aliyefanya kazi ya redio, ya utafiti au ya korali hapa Bukavu miaka ya 2000 mwanzoni, unaweza kukuta visanduku vya plastiki vya karibu sentimita 7 kwa 7, vimeandikwa kwa kalamu ya mkono: mzee wa Kabare, misa ya Pasaka, Walungu sehemu ya pili. Hizo ni MiniDisc, diski ndogo za kurekodia sauti zinazokaa ndani ya ganda la plastiki. Kabla hujaingiza hata moja katika mashine, tafuta kale kafunguo kadogo kanakoteleza pembeni mwa ganda, ukasogeze mpaka tundu libaki wazi. Tundu likiwa wazi, diski haiandikiki wala haifutiki. Fanya hivyo kwa diski zote za sanduku kwa mkupuo mmoja, ndipo ukae chini kufikiria hatua nyingine.

Sony ilianza kuuza MiniDisc mwaka 1992, ikaacha kupeleka mashine zake sokoni Machi 2013, na Februari 2025 ikasimamisha hata utengenezaji wa diski tupu. Diski yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa kurekodi, leza huipasha joto kutoka chini huku kichwa cha sumaku kikiigusa kutoka juu, na bila joto lile sumaku peke yake haibadilishi kitu. Kwa hiyo spika iliyowekwa karibu na sanduku haijafuta sauti zako. Kinachokufa ni mashine: leza inachoka, nyaya bapa za ndani zinakatika, batri zinavuja, na vipuri havitengenezwi tena. Ndiyo maana msimamo wetu ni huu: kila saa ya uhai iliyobaki katika mashine itumike kusoma diski za zamani, si kurekodi mambo mapya. Kwa kurekodi leo, hata kinasa sauti cha bei ya chini kinachotumia kadi ya kumbukumbu kinatosha.

Kwanza ujue diski ilirekodiwa kwa namna gani, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mashine utakayoitafuta. Namna ya kawaida, SP, hubeba dakika 74 au 80 kwa kilobiti 292 kwa sekunde. Ikirekodiwa kwa mono, muda unazidishwa mara mbili, ndiyo sababu mahojiano marefu ya dakika 148 au 160 yanaweza kukaa katika diski moja. Mwaka 2000 zikaja namna za kurekodi kwa muda mrefu zaidi: LP2, ya kilobiti 132, na LP4, ya kilobiti 66. Mashine iliyotengenezwa kabla ya hapo itacheza diski ya LP kimyakimya: saa inasonga, sauti hakuna, na jina la wimbo linaanza na herufi LP. Watu wengi wametupa diski nzima nzima kwa sababu hiyo, wakidhani zimeharibika. Halafu kuna Hi-MD, toleo jipya la MiniDisc la mwaka 2004, ambalo mashine za zamani haziwezi kulisoma kabisa. Mashine ya zamani ikikataa diski, usiifomati. Ijaribu kwanza katika mashine ya Hi-MD.

Njia za kutoa sauti ziko tatu, na hazilingani kwa ubora.

Iliyo bora ni kutoa data yenyewe kwa USB, jinsi ilivyo katika diski, bila kuigeuza kuwa sauti kwanza. Sony MZ-RH1 ya mwaka 2006 ndiyo mashine pekee iliyotengenezwa kiwandani iweze kupeleka kwenye kompyuta rekodi za zamani za SP, LP2 na LP4. Bei yake imepanda sana, na kioo chake hufifia kadiri kinavyotumika. Lakini siku hizi kuna programu ya bure iitwayo Web MiniDisc Pro, inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha Chrome, na ina hali maalum inayowezesha mashine za Sony za Net MD, zile za mfululizo wa MZ-N, kutoa rekodi zake kwa USB, jambo ambalo kiwandani halikuruhusiwa. Mashine ya MZ-N inapatikana kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mtu wako akisafiri kwenda Ulaya, mwagize hiyo. Katika Windows utahitaji kwanza kubadilisha draiva ya mashine iwe WinUSB kwa kutumia programu ndogo ya Zadig. Usipofanya hivyo, kivinjari kitaiona mashine lakini kitashindwa kuifungua. Rekodi za SP zitatoka kama faili za .aea. Zitunze hivyo hivyo, halafu uzigeuze kuwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kwa programu ya ffmpeg. Dakika 74 za SP ni kama MB 162 tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuitupa faili ya asili baada ya kuigeuza.

Njia ya pili ni mashine kubwa ya mezani yenye tundu la optiki, la kutolea sauti kwa waya wa mwanga. Hapa unasikiliza diski nzima kwa muda wake halisi, dakika 74 kwa dakika 74, huku kompyuta ikirekodi. Unahitaji kadi ya sauti ya USB yenye tundu la optiki la kuingizia. Jambo linaloharibu kazi hapa ni saa ya kadi: iweke ifuate ishara inayoingia, na kiwango kiwe 44,100 Hz na biti 16. Ukiiacha kadi ifuate saa yake yenyewe, utasikia vidonda vidogo vya "tik" kila baada ya sekunde kadhaa, na haviondoki tena. Usipandishe kiwango hadi 96,000 ukidhani unaongeza ubora. Data imetoka katika 44,100, na kuibadilisha ni kuichakachua.

Ya tatu ni waya wa kawaida kutoka tundu la kaske (vipokea sauti vya masikioni), na ndiyo ambayo wengi wataanza nayo kwa kuwa ndiyo iliyopo. Si mbaya ikifanywa kwa uangalifu. Tafuta katika menyu ya mashine mahali pa kuchagua LINE OUT. Ikichaguliwa, sauti haipiti tena kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. Mashine isiyo na chaguo hilo, weka sauti kati ya 20 na 25 kama mwisho wake ni 30, kisha zima besi, zima AVLS (kizuizi cha sauti kubwa), zima kila kipambo. Usichomeke katika tundu la mikro la kompyuta ya mkononi: mara nyingi ni mono, lina kelele ya mvumo, na linabana sauti kubwa. Nunua kadi ndogo ya USB yenye tundu la laini. Rekodi kwa biti 24 na 48,000 Hz, na sehemu zenye sauti kubwa zaidi zisivuke −6 dB. Ukisikia mvumo mzito usiokatika, chomoa chaja ya kompyuta na mara nyingi utaondoka. Hakikisha tu batri ya kompyuta inaweza kudumu dakika 80.

Hapo tunafika kwenye umeme. Mji huu unajua delestaji, na umeme unaporudi huja na nguvu isiyotabirika. Adapta za MiniDisc hazifanani: nyingine ni volti 3, nyingine 4.5, nyingine 6, na plagi zinaweza kuingiliana. Soma maandishi ya chini ya mashine, uangalie volti na mchoro wa chanya na hasi, kabla ya kuchomeka adapta ya kuazima. Sisi tunashauri pile za AA kupitia kile kikasha cha pembeni, ama alkalini mpya ama za kuchaji zenye nguvu kamili. Pile hazijui delestaji. Batri bapa za zamani za volti 1.2, zenye umbo la ubani wa kutafuna, karibu zote zimekwisha, na zilizosahaulika ndani ya mashine huacha unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya kugusana. Unga huo unatoka kwa tone la siki au ndimu kwenye kijiti cha pamba, halafu unafuta kwa spiriti na kuacha pakauke kabisa.

Usafi wa leza usifanywe kwa mazoea. Mashine ikisoma vizuri, usiiguse. Ikianza kusita, au ikishindwa kusoma diski ambazo mwenzake anazisoma, fungua mfuniko, puliza hewa kwa pampu ya mpira (si kwa mdomo, mate ni unyevu), kisha kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili kiguse kioo cha leza kwa mzunguko mmoja mwepesi. Mkono mwembamba wa juu ndio unaobeba kichwa cha sumaku, na ukipinda, mashine haitarekodi tena na inaweza kukwaruza diski. Uache. Kwa diski yenyewe, sogeza mlango wa chuma na usafishe upande wa chini tu, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kutoka katikati kwenda ukingoni. Upande wa juu, ambako kichwa cha sumaku huteleza, usiupake wala kuusugua kwa chochote. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zetu huingia kila mahali, kwa hiyo fanya kazi hii madirisha yakiwa yamefungwa.

Sasa lile linalowatia watu hofu zaidi: diski ambayo mwenyewe anakumbuka alirekodi, lakini mashine inaandika BLANKDISC. Sababu ya kawaida ni jedwali la yaliyomo, lile linaloitwa TOC. Sauti huandikwa diski inapozunguka, lakini jedwali linaloonyesha kila wimbo unaanzia wapi na kuishia wapi huandikwa mwishoni tu, unapobonyeza STOP, wakati kioo kinapoonyesha Data Save au Toc Edit. Pile ikichomoka au umeme ukikatika sekunde zile, jedwali halikamiliki, ila sauti bado imo. Usirekodi chochote juu yake, hata sekunde tano za majaribio.

Dawa yake ni kuipa diski jedwali la diski nyingine. Chukua diski ya urefu uleule, 74 kwa 74 au 80 kwa 80, urekodi kimya kuanzia mwanzo hadi mwisho kama wimbo mmoja, kwa namna ileile ya diski iliyopotea: SP stereo kwa SP stereo, mono kwa mono. Ingiza hiyo, mashine isome jedwali lake, kisha badilisha diski bila mashine kuhisi kwamba mlango umefunguliwa. Katika nyingi, ni kushikilia chini swichi ndogo ya mfuniko. Ingia kwenye kuhariri, andika herufi moja ya jina, bonyeza STOP. Mashine itaandika jedwali la uongo kwenye diski ya kweli, na utaweza kuisikiliza kama wimbo mmoja mrefu. Hii ndiyo kazi pekee ambayo tundu la ulinzi linapaswa kufungwa kwa muda. Diski iliyokuwa imefutwa na kurekodiwa vipande vipande itacheza kwa mpangilio wa mahali, si wa wakati, na vipande vya zamani vitachomoza katikati. Fanya mazoezi kwa diski isiyo na thamani kwanza. Web MiniDisc Pro ina sehemu ya kuhariri jedwali hilo moja kwa moja kwa USB, na mwenye mashine inayokubali njia hiyo asihangaike na swichi.

Unaposikiliza nakala, masikio yajue asili yake. Kama mrekodi alitumia usawazishaji wa sauti wa moja kwa moja, utasikia kelele ya nyuma ikipanda kila mzee anaponyamaza na kushuka anapoanza tena kusema. Kama mikro ilikuwa imechomekwa juu ya mashine yenyewe bila waya, kuna mlio wa mota. LP4 huacha nyuzi za lulanga, ala ya jadi ya Wabashi, zikiwa kama zimelowa maji. Hayo yote yabaki katika faili kuu. Ukitaka kusafisha kwa ajili ya redio, safisha nakala nyingine, kwa sababu programu ya kuondoa kelele hula pia pumzi na mwisho wa maneno, na lugha ya Mashi iliyokatwa miisho ni hasara kwa atakayekuja kuichambua.

WAV ya biti 16 na 44,100 Hz ni kama MB 783 kwa diski ya dakika 74. Diski mia moja ni GB 78. Ile ya biti 24 na 48,000 Hz hufika karibu GB 1.3 kwa diski. FLAC inapunguza bila kupoteza kitu, na hatuoni ubaya wa kuitumia nafasi ikiwa finyu. Jina la faili liwe fupi na bila nafasi wala herufi zenye alama: BKV_MD_0012.wav. Maelezo yawekwe katika faili ya maandishi yenye jina lilelile: nani anasema, lugha gani, kijiji gani, tarehe, nani alirekodi, kwa namna gani ilinakiliwa, kwa mashine ipi, na familia iliruhusu itumikeje. Piga picha lebo na karatasi ya ndani ya kila diski, mbele na nyuma. Mwandiko wa pembeni mara nyingine ndio ushahidi pekee wa tarehe, kwa kuwa mashine nyingi zilirekodi saa yake ikiwa haijawekwa.

Kwa kila faili tengeneza namba ya ukaguzi ya SHA-256 siku ileile ya kunakili, na uikague tena kila unapohamisha faili au angalau mara moja kwa mwaka. Ikibadilika hata herufi moja, nakala hiyo imeharibika na unaichukua nyingine. Kwa hiyo ziwe tatu, na zisikae nyumba moja. Moto wa nyumba za mbao na maporomoko ya udongo vinazijua komini zetu za Kadutu na Bagira vilevile. Diski kuu mbili za nje katika mitaa miwili tofauti, ya tatu nje ya mji kabisa. MP3 ni kwa ajili ya simu za wajukuu, wapewe kwa kadi ya kumbukumbu, wala isihesabiwe kuwa nakala ya akiba.

MiniDisc zenyewe, baada ya kunakiliwa, zirudishe katika visanduku vyake, zisimame wima, tundu la ulinzi likiwa wazi, ndani ya kisanduku cha plastiki kinachofunga chenye vifuko vya silika. Unyevu wa masika hapa ni mwingi, na vifuko hivyo vikishanyonya vya kutosha, vianike juani mpaka vikauke kabla ya kuvirudisha.