Kupima unga kabla haujaingia mwilini: maswali yenu

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja, ile huduma ya mtu kupeleka chembe ya kete yake akaambiwa ndani mna nini kabla hajaitumia. Haya twende.

*Mwanangu anatumia unga mwaka wa sita sasa. Nasikia Ulaya wanawapimia. Si ndo kuwapa moyo waendelee? (Mama, Kisauni)*

Mama, pole sana, najua huo usingizi wa kusikiliza mlango. Ila sikia hii. Uholanzi wana mpango unaitwa DIMS toka 1992, mtu anaacha kidonge chake bila kuandikisha jina kinapimwa. Desemba 2014 wakakuta vidonge vya pinki vina alama ya Superman, watu wanajua ni ekstasi, dawa ya kwenye sherehe, kumbe ni PMMA, kemikali nyingine yenye sumu zaidi, hiyo inachelewa kupanda kwa hiyo mtu anaona hakijamshika anaongeza cha pili, mwili unachemka mpaka unazima. Wakatangaza haraka nchi nzima hadi kwenye TV. Vidonge hivyohivyo vikafika Uingereza na watu 4 wakafa sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya. Mwanao leo atanunua kama alivyonunua jana, kipimo kiwepo kisiwepo, mimi ninachokitaka arudi nyumbani. Na siku anayokuja kupima anakaa na mtu anayemwongelesha bila kumtukana, hapo ndo habari ya methadoni, dawa ya hospitali inayomsaidia mtu kuacha heroini, inapata pa kuingilia mama, nimeliona hilo kwa macho yangu si mara moja.

*Sisi ni kikundi cha tulioacha, tuko Tanga, kuna mfadhili anataka kutununulia mashine. Tuchukue ipi? (Mwenyekiti)*

Hongera mwenyekiti, lakini mashine ngojeni kwanza. Ile wengi wanayotumia inapiga mwanga wa infraredi kwenye chembe kidogo na majibu yanatoka kwa dakika chache, nzuri kweli, shida yake kitu kikiwa chini ya kama asilimia 5 ya mchanganyiko mara nyingi haikioni, na fentanili, dawa kali kuliko heroini ambayo mara nyingine huchanganywa kwenye unga, inaua ikiwa kidogo kuliko hapo. Ndo maana wenzetu wanaitumia pamoja na stripu, vile vijikaratasi vya kupimia fentanili. Halafu inataka mtu aliyesomea kuisoma, sio kubonyeza tu.

Anzeni na watu. Nani maskani anaaminika, nani akisema "leta nikupimie" hawatadhani ni shushushu? Huyo ndo huduma yenyewe, mengine vifaa. Toronto walipoanza 2019 hawakugawa mashine kila kituo, vituo ambavyo watu walikuwa wamevizoea vinakusanya sampuli na maabara za hospitali zinapima, na wanapokea hata mabaki kwenye vifaa vilivyotumika, maana mwenye arosto hawezi kukukatia kete yake hata umbembeleze vipi! Kwa hali yetu mimi naona hiyo ndo njia. Tafuteni maabara itakayokubali kushirikiana, pesa ya mfadhili iende kwenye stripu, naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi) na posho za waelimisha rika.

*Na polisi je? (huyohuyo)*

Hapa msikurupuke. Sampuli ni dawa ileile, kwa sheria ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 1994 kubeba bila kibali ni kosa, kijana wenu anaweza kufungwa kwa chembe aliyoichukua kuokoa mtu. New Zealand ilibidi watunge sheria, ya muda Desemba 2020 na ya kudumu 2021. Nendeni kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya na wizara ya afya mkiwa na barua na daktari, kibali kwanza ndo mguse sampuli. Methadoni nayo watu waliiona haiwezekani, 2011 ikaanza Muhimbili serikali ikiwa ndani.

*Stripu inasomwaje? (Kaka, Malindi)*

Unayeyusha chembe kwenye maji, unachovya stripu sekunde kama 15, unasubiri dakika chache. Mstari MMOJA maana yake fentanili ipo, miwili haijaonekana. Wengi wanageuza kwa sababu wamezoea kipimo cha mimba, rudia kumwambia kila mtu. Na haikuambii ni kiasi gani.

*Ikitoka haina kitu naruhusiwa kutumia peke yangu? (hakutaja anapotoka)*

Hapana ndugu yangu. Unga haujachanganyika sawasawa, ni kama pilau, sahani moja ina karafuu tatu nyingine haina hata moja, chembe uliyopima sio yote. Na heroini yenyewe bila kuongezewa kitu inasimamisha pumzi, hasa kama umetoka jela au soba hausi (nyumba ya kuachia dawa) juzi na mwili umeshasahau dozi ya zamani. Anza kidogo, usijifungie, awepo mtu mwenye naloksoni, akikuchoma hiyo naloksoni asiondoke kwa kuwa inaisha nguvu mapema na unaweza kuzama tena, na akupeleke hospitali hata ukiamka unagomba. Kama hujui pa kuipata niandikie tena leo, usingoje wiki ijayo.