Picha ya Kichwa Ilikuwa Safi, Mume Wangu Hakuwa Mzima

Mume wangu ni askari, na alirudi kutoka operesheni ya kijeshi bila hata mchubuko. Bomu lililotegwa barabarani lilikuwa limelipuka mbele ya gari lao. Akazimia kidogo, akazinduka, akaendelea na kazi. Nyumbani akaanza kuishi gizani. Mapazia yanashinda yamefungwa kwa sababu mwanga unamuumiza. Anabandika sufuria, anatoka, anakumbuka harufu ya kuungua ikishajaa nyumba nzima. Akiketi, mgongo ukutani, macho mlangoni.

Akapigwa picha ya CT, ile ya eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa, ikarudi safi. Tukaambiwa hana tatizo, na hapo tukapoteza karibu mwaka mzima. Wimbi la mlipuko linaweza kuutikisa ubongo ndani ya fuvu bila kuacha jeraha lolote nje, na mtikisiko wa aina hiyo mara nyingi hauonekani kwenye CT, ambayo ni hodari zaidi kwa kuona damu iliyovujia ndani na mfupa uliovunjika. Laiti ningelijua hilo siku ile, nisingekubali kuondoka.

Mahali pengine tukaambiwa ni kiwewe cha vita tu. Hilo "tu" liliniuma. Watu wanabishana kama haya ni ya ubongo au ya akili tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, walipoyaita mshtuko wa makombora, na kiwewe chenyewe kilipata jina lake la kitabibu la sasa mwaka 1980. Kwa mume wangu vilikuwepo vyote viwili. Kizunguzungu, kichwa kuuma na kukimbia mwanga vilielekea zaidi kwenye ule mtikisiko. Jinamizi na kukwepa kila kinachomkumbusha siku ile, kwenye kiwewe. Lakini hasira, usahaulifu na kukosa usingizi vinaweza kutoka upande wowote, ndiyo maana daktari anayesikia nusu ya habari hutibu nusu ya mtu.

Kilichotusaidia ni daftari. Mgonjwa mwenyewe husahau, na askari amezoea kujibu "niko sawa". Nikawa naandika: "Jumanne, saa tisa usiku, ameamka akipiga kelele, shuka limelowa jasho. Jumatano, kichwa tangu asubuhi, kasahau jina la jirani." Daktari mwingine alisoma kurasa mbili, akauliza ni milipuko mingapi amewahi kuwa karibu nayo. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alianza tiba ya mazungumzo, ile ya kurudia tukio hatua kwa hatua pamoja na mtaalamu. Baada ya kikao cha tatu alitaka kuacha, maana ndoto zilikuwa zimezidi. Mwambie mgonjwa wako mapema kwamba hali inaweza kuchachamaa kidogo kabla ya kutulia. Pombe aliacha; ilikuwa inamlaza na kumharibia usingizi huohuo. Nami niliacha kumtikisa akiweweseka. Nasimama miguuni pa kitanda, namwita jina, namwambia yuko nyumbani.

Jambo moja niliogopa kuliko yote: kumuuliza kama anawaza kujiua. Nilidhani nitampandikizia wazo. Kuuliza hakupandikizi. Nilimuuliza tukiwa tumekaa gizani, kwa maneno hayohayo bila kuzungukazunguka. Alinyamaza, kisha akasema ndiyo. Usiku uleule silaha ilitoka nyumbani, na asubuhi tulikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafika.