Nina stashahada ya utabibu kutoka Tanzania: je, naweza kupata leseni ya PA (physician assistant, msaidizi wa daktari) Marekani?

Swali: Nilimaliza stashahada ya utabibu ya miaka mitatu Tanzania, nikafanya kazi miaka minne kwenye kituo cha afya, OPD (wagonjwa wa nje) na wodi ya wazazi. Sasa nina grinikadi, naishi Texas, na nahudumia wagonjwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi wanazofanya ma-PA hapa naona ndizo zilizokuwa zangu nyumbani. Naweza kufanya mtihani wa leseni kwa vyeti nilivyonavyo? Kama haiwezekani, nianzie wapi?

Jibu: Kwa vyeti hivyo peke yake mtihani huwezi kuufanya, ndugu yangu, na ni bora ulijue hilo leo kabla hujatoa hata dola moja. Leseni ya PA inadai mambo mawili: uwe umehitimu programu ya PA yenye ithibati ya ARC-PA, tume inayokagua programu hizo, na uwe umefaulu PANCE, mtihani wa kitaifa wa ma-PA unaosimamiwa na tume ya NCCPA. Bila la kwanza, NCCPA haikusajili kwa la pili. Hata daktari kamili aliyesomea nje hana njia ya pembeni hapa. Yeye ana mitihani yake ya leseni ya udaktari, USMLE, lakini haimpi leseni ya PA. Kwa hiyo wakala akikuahidi "kubadilisha" stashahada yako kwa ada fulani, achana naye.

Hata hivyo miaka yako haijapotea. Kada ya PA ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 kwa kufundisha watu waliokwisha kutibu wakiwa jeshini, na mpaka leo vyuo vingi vinatazama saa zako za kuhudumia wagonjwa kabla ya kukuita kwenye usaili. Hapo ndipo una nguvu. Unapopungukiwa ni kwenye shahada na masomo ya sayansi, kwa hiyo anzia huko.

Programu za PA hutolewa kwa ngazi ya uzamili, nyingi huchukua takriban miezi 27, na karibu zote zinataka uwe na shahada ya kwanza. Usitegemee stashahada yako ihesabiwe kama shahada. Ipeleke kwa taasisi ya kutathmini vyeti, kwa mfano WES, na uagize tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla ni nafuu, lakini haionyeshi krediti wala alama za kila somo, na wengi hujikuta wakilipa mara mbili. Kwa kawaida matokeo yanatakiwa yatoke chuoni moja kwa moja, si mkononi mwako, basi tafuta ndugu aliye karibu na chuo afuatilie ofisi ya taaluma. Aombe pia mihtasari ya masomo uliyosoma. Chuo kikuu cha hapa utakachosomea shahada ya kwanza kitaihitaji ili kuamua krediti zipi kizipokee.

Masomo ya msingi ndiyo yanayowakwamisha wengi. Orodha hutofautiana chuo na chuo, ila mara nyingi utakuta anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia ya mihula miwili, baiolojia, takwimu na saikolojia, na baadhi huongeza kemia ya kaboni (organic chemistry) au biokemia. Vyuo vingi havikubali masomo haya yakiwa yamesomwa nje ya Marekani, hata kama anatomia uliijua vizuri. Yasome kwenye chuo cha jamii, ambako ada ni nafuu. Kwa grinikadi yako, ukitimiza mwaka mzima wa makazi Texas utalipa ada ya mkazi, na unaruhusiwa kuomba msaada wa serikali kuu kupitia FAFSA. Kabla ya kujisajili uliza vyuo vya PA unavyovilenga mambo mawili: je, maabara ya mtandaoni inakubalika, na somo huisha muda baada ya miaka mingapi? Vipo vinavyokataa somo lililopita miaka mitano au saba.

Chunga alama pia. Kiwango cha chini kinachotajwa sana ni GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenye mizani ya 4.0, na anayeitwa kwenye usaili huwa juu ya hapo. Maombi hupitia mfumo mmoja uitwao CASPA, na ukirudia somo, mfumo huo hauifuti alama ya kwanza. Zote mbili zinahesabiwa. Kusoma kemia na fiziolojia muhula mmoja huku unafanya zamu za usiku ni njia ya haraka ya kupata C ambayo itakufuata mpaka mwisho.

Kuhusu saa: wiki 50 za saa 40 ni saa 2,000 kwa mwaka, basi miaka minne inakaribia 8,000. Vyuo vingine havidai hata saa moja, vingine hudai 1,000 au 2,000, na vipo vinavyohesabu za Marekani tu. Msomaji wa maombi yako huenda hajawahi kusikia kada ya tabibu, kwa hiyo "nilitibu wagonjwa" haitamwambia kitu. Eleza kwamba ulichukua historia, ukapima mwili, ukaagiza kipimo cha malaria, ukaandika dawa, ukashona majeraha, ukazalisha. Kisha utaje aliyekusimamia, na uhakikishe barua pepe yake inafanya kazi. Kwenye kazi yako ya sasa, kupika na kufanya usafi havihesabiwi. Ukipata cheti cha CNA (msaidizi wa muuguzi), saa za kumgeuza, kumwogesha na kumpima mgonjwa zitakubalika kwenye vyuo vingi.

Kabla ya kulipa ada ya programu yoyote, fungua tovuti ya ARC-PA uangalie hali ya ithibati yake. Ithibati ya muda inakuruhusu kufanya PANCE. Programu ambayo "imeomba" tu ithibati haikuruhusu.

PANCE yenyewe ina maswali 300, kwa vipindi vitano vya maswali 60, kila kipindi saa moja. Alama huenda kutoka 200 hadi 800, na kufaulu ni 350. Baada ya kuhitimu una miaka sita au majaribio sita, kinachotangulia. Yakiisha, njia iliyobaki ni kusoma programu ya PA upya. Jina la usajili lifanane kabisa na kitambulisho chako. Kama cheti kina majina matatu na grinikadi ina mawili, lirekebishe hilo mapema.

Ukifaulu, unaomba leseni kwa bodi ya jimbo. Texas huongeza mtihani wa sheria za jimbo na alama za vidole. Fomu huuliza pia kama uliwahi kusajiliwa kwa taaluma ya afya mahali pengine. Jibu ndiyo, maana kuficha usajili wa Tanzania kunaweza kukunyima leseni hata kama rekodi yako ni safi. Omba barua ya uthibitisho kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, na uiombe miezi kadhaa kabla ya kuihitaji.