Gari la rimoti limekufa, tiara bado inaruka

Idi iliyopita nilimnunulia mwanangu gari la rimoti pale Darajani, sokoni Unguja. Sikukuu kwetu ni siku nne. Gari lilikufa siku ya tatu. Baba yake akabadilisha betri, akalipigapiga, mwisho likapanda juu ya kabati kukaa na wenzake: bunduki inayolia, simu inayoimba kwa lugha sijui ya nchi gani, na mwanasesere aliyenyofoka mkono.

Kuharibika si hoja. Ngalawa zetu za ndara kule Wete, Pemba, nazo hazikuwa zikimaliza wiki. Ila ikivunjika tulijua pa kuishika. Ndara iliyokatika ndiyo mwili, mbawa ni vijiti, tanga ni kipande cha mfuko wa nailoni. Maji yakipwa tunazishindanisha kwenye vidimbwi. Ikilalia upande mmoja, unakwenda kuutazama ubawa wa upande huo, unauongeza, unarudi. Gari la rimoti likizima, mtoto wa miaka sita ataliongeza nini?

Nisiwadanganye lakini: ngalawa hizo walichonga zaidi kaka zangu. Mie nilikuwa nakuna nazi, na nikipata upenu ni mdako na watoto wa matambara. Na kisu cha babu kimeniachia kovu kwenye kidole cha shahada. Wanaosema michezo ya zamani ilikuwa salama, mie simo.

Ya sasa ina hatari yake, na hiyo nakuomba uitazame kabla ya bei. Vile vidude vinavyoimba na kuwaka taa, vingi vina betri ndogo za duara mfano wa kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye njia ya chakula, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Usingojee aitoe chooni, mkimbize hospitali. Dukani kigeuze kitu chenyewe: kifuniko cha betri kiwe kimefungwa kwa skrubu. Kikifunguka kwa ukucha, mrudishie muuzaji. Sumaku ndogo ndogo pia, mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Kusi iliposhika nikasema tutengeneze tiara. Chelewa, gazeti, uzi wa cherehani, wali kwa gundi. Nilidhani mikono yangu inakumbuka. Haikukumbuka. Tiara ilizunguka kama pia, ikapiga kichwa chini. Kwa aibu nikamwambia twende tukanunue ya plastiki. Akagoma. Akakata pindo la kanga yangu, bila ruhusa, akaifunga mkia mrefu. Ikawa nzito, haikunyanyuka. Akaupunguza, ikazunguka tena. Akauongeza kidogo. Jioni tatu kazi ilikuwa hiyo, na mie nikakatazwa kugusa.

Tangu hapo nikiwa dukani najiuliza suala moja tu: akishabonyeza swichi, mtoto anabaki na kazi gani? Kama kazi yote inafanywa na kile kitu, nakirudisha. Sina ugomvi na plastiki. Vitofali vya LEGO ni vya plastiki. Wadenmark hao walianza mwaka 1932 na vitu vya mbao, na tofali walilolitoa mwaka 1958 linapachikana na la leo. Bei yake tu ndiyo inayonirudisha nyumbani, lakini vya mfano wake vipo, ukivipekua utapata visivyolegea.

Kwa tiara, tafuta uwanja wa wazi usio na nyaya za umeme. Sisi huenda Maisara. Ikinasa kwenye waya iacheni huko huko, hata mtoto alie vipi.

Yetu ya kwanza imo juu ya mwembe wa jirani. Ya pili ameondoka nayo asubuhi kwenda skuli, na nimeangalia kamba ya nguo: kanga nyengine haina pindo.