Flashi Kwanza au Diski Kwanza? Maswali Yenu Kuhusu Kubuti

Kompyuta ikiwashwa, kinachoamka kwanza si Windows. Ni programu ndogo iliyomo kwenye bodi mama: zamani BIOS, siku hizi UEFI, ingawa mafundi wengi bado tunaziita zote BIOS. Hiyo ndiyo inayopita kifaa kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio iliopewa, ikitafuta chenye mfumo wa kuanzisha. Huko ndiko kubuti. Maswali mengi ya safari hii yanahusu mpangilio huo.

Shikamoo fundi. Nataka kupiga Windows upya. Nimeweka flashi nafasi ya kwanza, nikahifadhi, lakini mashine inaingia Windows ileile ya zamani. Flashi nikiifungua, faili la Windows naliona limo. — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Hapo uliposema "faili" ndipo penye shida. Ukipakua faili la ISO, yaani nakala nzima ya Windows katika faili moja, na kulinakili kwenye flashi kama unavyonakili wimbo, flashi haigeuki kuwa ya kubuti. Kompyuta inaikagua, haikuti cha kuanzishia, inaipita na kwenda kwenye kifaa kinachofuata, yaani diski yako. Mpangilio wako hauna kosa.

Tumia programu kama Rufus, au ile ya Microsoft yenyewe ya kutengenezea flashi ya Windows. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na uhamishe picha na kazi zako kwanza, maana itafutwa yote. Ikishatengenezwa utaona ndani yake folda kadhaa, mojawapo ikiitwa efi, badala ya faili moja kubwa.

Kama bado inagoma, tazama Rufus uliipa mpangilio gani. Laptopu iliyotoka na Windows 8 au ya baadaye kwa kawaida inataka GPT, mtindo mpya wa kugawa diski, pamoja na UEFI. MBR, mtindo wa awali, ni ya mashine za zamani. Halafu tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa kawaida si kuzima kabisa: sehemu ya mfumo inahifadhiwa ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo chagua kuanzisha upya, si kuzima, ndipo ubonyeze kitufe cha kuchagua kifaa cha kubuti.

Kitufe gani? Hapa naomba wote msikilize, kwa sababu mnajisumbua bure. Kwa kazi ya mara moja huna haja ya kugusa mpangilio wowote. Karibu kila mashine ina menyu ya kuchagua kifaa kwa safari hiyo moja tu, kisha inarudi ilivyokuwa. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. HP ni F9, au Esc kwanza kisha F9. Laptopu za Asus ni Esc. Acer ni F12, lakini mara nyingi imefungwa mpaka uingie kwenye mipangilio kwa F2 uiruhusu. Ukiwa na bodi ya MSI, jaribu F11. Anza kubonyezabonyeza mara tu unapowasha, usingoje nembo itokee, na kwenye baadhi ya laptopu shikilia Fn pamoja nacho.

Menyu hiyo ina faida nyingine. Windows ikifika katikati ya kuingizwa hujizima na kujiwasha yenyewe. Kama flashi umeiweka ya kwanza kwenye mpangilio, mashine nyingine zitarudi kwenye flashi na kuanza kazi upya tangu mwanzo. Nimeona watu wakizunguka hapo mchana kutwa wakidhani flashi ni mbovu.

Umeme ukikatika, saa ya kompyuta yangu ya mezani inarudi nyuma miaka mingi na mpangilio wa kubuti unabadilika. Safari hii imekataa kabisa, inaleta skrini ya bluu. — Mwenye duka la vifaa vya shule, Mombasa

Betri ya bodi mama imekwisha. Ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Chomoa waya wa umeme, toa ya zamani, weka mpya upande wa + ukitazama juu. Kazi ya dakika chache, na betri yenyewe ni ya bei ndogo.

Skrini ya bluu ni jambo la pili. Mipangilio ikipotea, mashine inarudia ile ya kiwandani, na ya kiwandani si mpangilio wa kubuti peke yake. Tazama sehemu ya SATA, inayoamua jinsi kompyuta inavyowasiliana na diski. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye mtindo uitwao RAID. Kama aliyekuwekea Windows alikuwa ameigeuza kuwa AHCI, mtindo mwingine, sasa Windows haioni diski yake. Rudisha AHCI, uwashe tena. Usikubali mtu akufutie diski kabla hajakijaribu hiki. Tazama pia kama haijahama kutoka UEFI kwenda ule mtindo wa zamani unaoitwa Legacy, au kinyume chake: diski iliyopangwa kwa mmoja haiwaki kwa mwingine, hata ukiiweka namba moja.

Nimenunua kompyuta ya mtumba. Kila nikiiwasha inaandika maneno yenye PXE, inasubiri, ndipo inaingia. — Msomaji, Kisumu

Huenda ilitoka ofisini. PXE ni kubuti kupitia waya wa mtandao, njia ambayo ofisi hutumia kuweka mfumo kwenye mashine nyingi kwa pamoja. Nyumbani huihitaji: iweke ya mwisho au izime.

Ila kama siku moja baada ya PXE itaandika "No bootable device" na kusimama hapo, usihangaike na mpangilio. Ingia kwenye mipangilio uone kama jina la diski limo. Likiwa halimo, hakuna mpangilio utakaosaidia. Kagua waya wa diski, au diski yenyewe imekufa.

Nilibadilisha mpangilio tu, sasa inadai tarakimu 48. Ni virusi? — Msomaji, Dodoma

Si virusi. Ni BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski ili isisomwe bila ufunguo. Laptopu nyingi mpya hufunga diski zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na zikiona njia ya kubuti imebadilika, zinashuku wizi. Rudisha mpangilio kama ulivyokuwa. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, fungua akaunti yako ya Microsoft kwa simu, utazikuta tarakimu hizo kwenye orodha ya vifaa vyako. Ukizikosa kabisa, data haipatikani, na fundi anayekuahidi kuivunja anataka pesa yako. Siku nyingine, kabla ya kugusa BIOS, sitisha BitLocker kwa muda ukiwa ndani ya Windows.

Habari kaka. Niliongeza SSD (diski mpya ya kasi) nikaweka Windows humo, inaenda vizuri. Nikitoa diski ya zamani, haiwaki tena. SSD iko ya kwanza! — Mhasibu, Arusha

Nzuri, dada. Ulipoweka Windows, diski ya zamani ilikuwa bado imechomekwa, sivyo? Windows ikikuta tayari pana sehemu ya kubuti kwenye diski nyingine, huitumia hiyohiyo. Kwa hiyo Windows iko kwenye SSD lakini kianzishi chake kimebaki kule. Kwenye UEFI ni kawaida kuona "Windows Boot Manager" badala ya jina la diski peke yake.

Kinaweza kuhamishwa kwa amri, lakini kama SSD bado haina kazi nyingi, njia safi ni kuchomoa diski ya zamani, kuweka Windows upya, kisha kuirudisha.

Nikiacha flashi iwe ya kwanza siku zote kuna ubaya gani? — Msomaji, Zanzibar

Upo. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa ikitazama diski laini (floppy) kwanza, na tabia hiyo ikarithiwa. Mwaka 1986 kikatokea kirusi cha Brain, kutoka Lahore, Pakistan, kilichojificha kwenye sekta ya kubuti ya diski laini, yaani sehemu inayosomwa kwanza kompyuta ikiwashwa. Ukisahau diski ya rafiki ndani, ukawasha, umeshaambukizwa kabla mfumo wako haujaamka.

Leo hofu kubwa ni mtu, si kirusi. Yeyote mwenye flashi ya Linux, mfumo mwingine kama Windows, anaweza kuwasha mashine yako na kusoma mafaili bila kuulizwa nywila ya Windows, isipokuwa diski imefungwa. Weka diski kwanza, halafu weka nywila ya BIOS ili mpangilio usiguswe. Nywila hiyo iandike kwenye daftari la nyumbani, maana kwenye laptopu nyingi za kiofisi kutoa betri hakuifuti.